Ukinunua Msumeno wa Betri, Usiache Kuitisha Pesa ya Mafuta

Jumamosi moja asubuhi nilifika Ruaka kwa mama mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, kupunguza matawi ya mjakaranda yaliyokuwa yameanza kulalia mabati yake. Bei tulikuwa tumeelewana kwa simu. Nikamwambia vile huwa tunasema wakata miti wote: "Mama, nitumie mia sita ya mafuta tuanze." Akatoa simu kwa mkoba. Halafu akaangalia msumeno niliokuwa nimeushika, akaangalia tena.

"Fundi, kwani hii si ya betri? Mafuta ya nini sasa?"

Nilikosa jibu. Nilicheka tu, nikasema ni mazoea, nikapanda mti. Siku hiyo nilimaliza chaji nne na mteja hakulipia hata moja. Na si yeye peke yake. Kwa miezi kama saba tangu ninunue msumeno wa betri, sikuitisha mtu yeyote pesa ya mafuta. Nilijiambia stima ni ya bei rahisi, wacha nimpunguzie mteja, atanipenda.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu nawaona vijana wengi wa kazi yetu wakinunua hii mitambo, na karibu wote wanafanya kosa lilelile langu. Maoni yangu ni haya: betri ni mafuta uliyonunua mbele. Umelipia lita za mwaka mzima au miwili kwa siku moja. Ukiacha kuzilipisha, siku betri itakapochoka hutakuwa na pesa ya kununua nyingine, na utarudi kwa petroli ukisema betri ni za kuchezea.

Mimi nilijua niko kwa shida siku nilipoitisha taarifa ya miamala ya simu yangu, ile ya miezi sita. Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa, risiti ya karo. Lakini nikiwa pale nikaanza kuhesabu malipo ya kituo cha petroli. Zamani yalikuwa yanafuatana kama siafu: mia tano, mia nne, mia sita, na boda mia moja ya kwenda kuyachukua na jerikeni. Siku ya kazi nyingi nilikuwa namaliza lita tatu hivi, na lita moja ikiwa karibu shilingi 180, hiyo ni zaidi ya mia tano kabla hujaweka oili ya kuchanganya. Baada ya kununua betri, malipo hayo yalikuwa yamepungua sana. Nikafurahi. Halafu nikajiuliza: kama sinunui petroli, hiyo pesa iko wapi? Akiba yangu ilikuwa palepale.

Nikarudi juu kwa taarifa, upande wa pesa zinazoingia. Jibu lilikuwa hapo. Zile mia sita za asubuhi kutoka kwa wateja, zile za "ya mafuta", nazo zilikuwa zimekatika. Pesa ambayo sikuwa nalipa kituo cha petroli, sikuwa naipokea pia. Nilikuwa nimewapa wateja wangu zawadi ya betri zangu bila kujua.

Hesabu ya chaji moja

Wacha tuhesabu pamoja, na wewe uweke bei zako. Seti yangu, yaani msumeno, betri mbili na chaja ya haraka, ilinigharimu kama elfu mia moja na hamsini. Zaidi ya nusu ya hiyo pesa ilikuwa betri na chaja. Msumeno wenyewe si kitu kikubwa: mota, mnyororo, na ile baa ya chuma ambayo mnyororo unazunguka juu yake. Kinachokula pesa ni betri, karibu elfu arobaini kila moja.

Betri zangu ni za volti 36 na ampia-saa 7.5. Zidisha hizo mbili upate wati-saa 270. Tokeni ya stima inauzwa kwa uniti, na uniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hivyo kujaza betri moja, hata ukihesabu kinachopotea kwa joto la chaja, ni kama uniti 0.3. Kwa bei ninayolipa nyumbani hiyo haifiki shilingi kumi. Hapo ndipo kila mtu husimama na kusema, "Shilingi kumi! Hii kitu ni bure."

Si bure. Betri ya lithiamu ina umri wa kuhesabika. Haifi ghafla kama balbu. Inapungua kidogo kidogo mpaka siku moja unaona tawi ambalo lilikuwa linachukua nusu ya chaji sasa linamaliza yote. Mimi nimeamua kupiga hesabu ya chaji 500, na nimeweka chini makusudi ili nikikosea nikosee upande mzuri. Elfu arobaini gawanya kwa 500, unapata shilingi 80. Ongeza kumi ya stima. Chaji moja ni shilingi 90. Siku ya chaji tano ni 450.

Linganisha na petroli ya siku ile, mia tano na kitu. Tofauti si kubwa, au sivyo? Ukiitunza betri ikafika chaji 1,000, gharama inashuka hadi shilingi 50 kila chaji, na hapo sasa unaanza kuona faida. Lakini mtu akikuambia msumeno wa betri unajilipa haraka kwa petroli peke yake, muulize anauza nini.

Basi kwa nini niliununua? Na kwa nini siurudishi?

Pale juu mtini

Sababu yangu ni kijana aliyekuwa mtu wangu wa chini, yule wa kushika kamba. Miaka michache iliyopita tulikuwa tunakata grevilia kubwa kule Limuru. Mimi juu na pawaso ya petroli, yeye chini. Tawi likaanza kujipinda upande ambao hatukutarajia. Nilimpigia kelele asimame, asisogee. Hakusikia kitu. Injini ilikuwa inaunguruma hata nilipokuwa sikati, maana pawaso ya petroli ukishaiwasha unaiacha ikinguruma, hakuna mtu anataka kuvuta kamba ya kuwasha tena akiwa ananing'inia futi arobaini. Alipiga hatua mbili mbele. Tawi likamvunja mtulinga. Alipona, lakini kazi ya miti aliacha, na mimi simlaumu.

Msumeno wa betri ukiachilia kidole, kimya. Unaongea na mtu wa chini kwa sauti ya kawaida. Unamwambia "vuta", anavuta. Unasikia tawi likianza kulia kabla halijapasuka, na sauti hiyo ndiyo imeokoa wakata miti wengi kuliko helmeti. Huo moshi wa petroli na oili, ambao ukiwa katikati ya majani hauna pa kwenda isipokuwa puani mwako, haupo. Mikono haitetemeki jioni. Zamani nilikuwa nikifika nyumbani vidole vimekufa ganzi, nikishika kikombe cha chai ni kama nimevaa glavu.

Halafu masikio. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa mtu anayefanya kazi saa nane. Pawaso ya petroli karibu na sikio lako hupita desibeli 100, na kila desibeli kumi zinazoongezeka ni nguvu ya sauti mara kumi. Mimi sikio la kushoto tayari linanisumbua. Watoto wangu wanajua wakae upande wa kulia. Ya betri pia ina kelele mnyororo ukizunguka, kwa hivyo bado navaa vizuia kelele. Lakini haiko karibu na ile ya zamani.

Lazima pia niseme ubaya wake, kwa sababu kimya kina hatari yake. Pawaso ya petroli inajitangaza. Mtu akiwa kwa barabara anajua kuna kazi, anazunguka. Ya betri, mtu anapita chini yako akiongea na simu, hajui kuna tawi la kilo hamsini juu yake. Siku hizi siwezi kuanza bila utepe wa kuzuia watu na mtu mmoja wa kusimama langoni. Tena, ya petroli ikizimwa imezimwa. Ya betri iko tayari kila wakati. Kidole kikigusa pasipofaa, mnyororo unaenda, na ile ninayotumia inazunguka kwa kasi ya zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Kamba yako ya kupandia haitauliza kama ni betri au petroli. Nikishafanya mkato naweka breki ya mnyororo, na nikitaka kushika mnyororo kwa mkono, hata kuutoa unga tu, natoa betri kwanza. Kila mara.

Na kama kuna nyaya za stima karibu, usipande, mwite Kenya Power. Hasa wale wenye msumeno wa mti mrefu wa alumini: ule mti unapitisha stima vizuri sana.

Pale betri inaposhindwa

Sijauza pawaso yangu ya petroli na sina mpango. Mkaratusi wa miaka ishirini, shina ambalo mikono yako haikutani ukilikumbatia, huo si wa betri. Hebu angalia hesabu. Msumeno ukisukumwa kwa nguvu zote unaweza kula wati 1,500. Betri ya wati-saa 270 itakupa dakika kumi na moja za kukata mfululizo. Kumi na moja. Ukiwa unakata matawi, dakika hizo zinaenea saa nzima au zaidi, kwa sababu unakata sekunde tano, unasonga, unapanga kamba, unakata tena, na katikati betri haitumii kitu. Lakini ukiwa unapasua gogo la mkaratusi, dakika kumi na moja ni dakika kumi na moja. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9. Nyingi inapotea kwa joto na moshi, sawa, lakini hata kinachobaki ni betri kadhaa ndani ya chupa ya soda.

Hata huko California, Marekani, ambako wamebana kabisa injini ndogo mpya za petroli kuanzia modeli za mwaka 2024, pawaso zenye injini ya sentimita za ujazo 45 na kwenda juu hazikuguswa na kanuni hiyo. Kwa hivyo usiaibike kubaki na zote mbili. Mimi nikiulizwa kwa simu kuhusu kazi, swali langu la kwanza ni unene wa shina, na la pili ni kama kuna stima pale.

Hilo la pili nilijifunza Ngong. Nilienda na betri mbili zilizojaa, nikijua nitachaji kwa nyumba ya mteja. Saa tano stima ikapotea. Ikarudi saa kumi na mbili jioni. Nilikaa chini ya mti na vijana watatu wa kulipwa, tukiangalia matawi. Chaja ya haraka inavuta kama wati 500, kwa hivyo invata ndogo ya gari haiwezi. Tangu hapo, kazi ya mbali lazima pawaso ya petroli iwe kwa gari hata kama sitaitoa. Na ukitumia stima ya mteja, mwambie kabla. Ni shilingi chache, lakini mtu akikuta chaja yako ikipiga feni kwa soketi yake bila kuulizwa, anajisikia ameibiwa.

Betri nayo inataka heshima. Nikimaliza chaji naiweka kivulini ipoe kabla ya kuiweka kwa chaja. Ikiwa moto, chaji inaiumiza, na chaja nzuri hukataa kabisa. Siiachi ndani ya gari lililofungwa juani, na wale wa Mombasa na Garissa nadhani wananielewa zaidi. Kama hakuna kazi kwa wiki mbili tatu, siiweki ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Nusu hivi inatosha. Mnyororo napiga tupa kila siku, si kila wiki. Mnyororo butu kwa petroli unakula mafuta kidogo zaidi, kwa betri unakula theluthi ya siku yako. Oili ya mnyororo bado inahitajika, na nashangaa ni wangapi wanaamini betri imeondoa oili zote; imeondoa ya kuchanganya tu. Jambo la mwisho hapa: usimpe fundi wa simu betri yako aifungue abadilishe seli ndani. Najua mafundi wetu ni hodari. Lakini betri ya lithiamu iliyofungwa vibaya ikishika moto, maji ya ndoo hayatakusaidia, na utakuwa umeiweka chini ya kitanda.

Kabla ya kuweka PIN

Mahali pengi pesa inapotea ni wakati wa kununua. Kuna misumeno midogo ya mkono mmoja inauzwa mtandaoni kwa elfu chache. Kwa mama mwenye mparachichi mmoja nyuma ya nyumba, sina neno, inakata matawi madogo vizuri. Kwa fundi anayelisha familia na miti, hapana. Betri yake ni ndogo na huwezi kupata nyingine ya kuingia pale ikiharibika. Kabla hujauliza bei ya msumeno, uliza bei ya betri yake ikiuzwa peke yake, na kama iko Kenya leo, dukani, unaweza kuishika. Muuzaji akianza kukuambia itakuja, ondoka.

Usitume malipo ya kwanza kwa mtu ambaye hujaona duka lake. Mchezo unajulikana: picha nzuri, bei nusu ya wengine, "tuma mia tano ya boda tu, utalipa zingine ukipata mzigo." Mzigo haufiki na namba inazimwa. Ukilipa, lipa kwa nambari ya till ya duka, na usome jina linalojitokeza kwa skrini kabla ya kuweka PIN. Kama duka linaitwa hivi na jina linakuja la mtu binafsi, uliza kwanza. Ule ujumbe wa kuthibitisha malipo usiufute. Duka nililonunua mimi lilipoteza kitabu chake cha risiti, na chaja ilipoharibika mwezi wa tatu, ujumbe wa simu wenye tarehe na kiasi ndio ulinipa waranti. Namba ya betri, ile iliyochapwa chini yake, iandike kwa risiti.

Kuhusu mikopo nitasema kitu ambacho huenda wengine hawatapenda. Mkopo wa simu wa siku thelathini haufai kununua msumeno wa betri. Mkopo huo ni wa kusaidia kitu kinachorudisha pesa ndani ya mwezi: mnyororo mpya, usafiri wa kazi ambayo tayari una malipo yake. Betri inarudisha pesa yake kwa mwaka au miwili. Ukilipa kitu cha miaka miwili na mkopo wa mwezi mmoja, mwezi wa pili utakopa tena kulipa wa kwanza, na unajua hiyo barabara inaelekea wapi. Lipa mdogo mdogo inaweza kuwa sawa, lakini jumlisha malipo yote mpaka la mwisho, weka kando ya bei ya kulipa mara moja, halafu uamue. Mimi nilianza na betri moja na chaja ya kawaida, nikaongeza ya pili baada ya miezi minne pamoja na chaja ya haraka. Kazi zilienda polepole. Deni halikuwepo.

Watu wananiuliza pia kama ya betri inahitaji kibali. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza kuingia na msumeno wa mnyororo kwenye msitu wa umma bila idhini, na haitofautishi petroli na betri. Mti wa kando ya barabara nao si wa mteja wako hata kama unaangusha majani kwake. Kaunti ndiyo ya kuulizwa. Eti kwa sababu haina kelele unaweza kukata usiku? Hayo mawazo waachie wezi wa miti.

Sasa nirudi kwa pesa ya mafuta, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Baada ya kusoma ile taarifa ya miamala nilibadilisha lugha kwanza. Siitishi tena "ya mafuta", naitisha "ya nguvu". Ni mia sita vilevile kwa siku ya kawaida. Mteja akiuliza, namwonyesha betri, namwambia hii ni elfu arobaini na inazeeka kila nikikata, kama tairi la gari lako. Watu wanaelewa tairi. Wachache wanabishana. Mmoja aliniambia atatafuta mwenye petroli, nikamwambia sawa, na nikampa namba ya rafiki yangu mwenye petroli. Yeye anaitisha mia nane.

Pili, hiyo pesa haikai na pesa ya kula. Kila jioni nahesabu chaji nilizotumia na kwa kila moja natuma shilingi mia kwenye akiba ambayo haiko kwa salio langu la kawaida. Chaji tano, mia tano. Naituma nikiwa bado kwa kazi, kabla sijapanda matatu, kwa sababu nikifika mtaani tayari ina wenyewe. Mia inayobaki ni ya oili ya mnyororo na tupa. Kinachonishangaza ni kwamba kazi hii ya kutuma inachukua muda mfupi kuliko ule niliokuwa nikipoteza kwenda kutafuta petroli na boda.

Tatu, nimeanza kulipisha kimya. Hili sikulifikiria mwanzoni. Kuna zahanati, kuna shule wakati wa mitihani, kuna nyumba za wazee, kuna ofisi ambazo haziwezi kuruhusu pawaso ya petroli mchana. Zamani walikuwa wanatuambia tuje Jumapili. Sasa naenda Jumanne saa nne, na bei yangu iko juu kidogo kuliko ya jirani, na wanalipa bila kuvuta. Hapo ndipo mtambo huu umenirudishia pesa kweli, kuliko petroli yote niliyookoa.

Wenzangu wengine wanaona naharibu soko kwa kuitisha pesa ya nguvu. Mimi naona ni wao wanaoharibu. Kijana akinunua seti na akiba ya miaka mitatu, halafu anashusha bei kwa sababu "stima ni bure", anamfundisha mteja kwamba betri haina gharama. Mwaka wa pili betri zake zinachoka, hana akiba, anatoka sokoni. Lakini ile bei aliyoiacha inabaki kwa kichwa cha mteja, na sisi wengine ndio tunaikuta tukibisha lango.

Wiki jana yule mama wa Ruaka alinipigia tena. Mjakaranda umeota upya upande wa tangi la maji. Tukaelewana bei, nikamwambia, "Na mia sita ya nguvu, mama." Akanyamaza kidogo. "Ya nguvu ndiyo nini tena, fundi?" Nikamweleza habari ya tairi. Akasema haya, na kabla sijafika stejini ujumbe ukaingia: mia sita, jina lake. Siku hiyo nilitumia chaji tano. Betri ya tatu imebakisha elfu kumi na moja.